Risasi ya betri isiingie majikoni mwetu

Mhariri,

Mimi ni muuguzi katika zahanati moja ya Likoni, na siku nisizokuwa zamu hupenda mambo mawili: kwenda kuvua na mjomba wangu nje ya mwamba, na kujitengenezea jigi za kuvulia. Risasi naiyeyusha mwenyewe uani kwangu hapa Mtongwe, naimimina kwenye kalibu, natia ndoana, napaka rangi. Naandika kwa sababu siku hizi naona risasi ya betri za magari ikiyeyushwa majikoni, juu ya jiko lile lile la chapati, watoto wamekaa kando wanatazama, ili zipatikane jigi na chubwi, vile vizito vya mshipi na nyavu, za kuuza pwani. Naomba jambo hili likome. Na zahanati zetu naziomba zianze kuuliza swali moja ambalo hatuliulizi. Nitalifikia.

Kwa msomaji wa bara ambaye hajaiona, jigi ni samaki bandia wa risasi. Unaishusha hadi chini kwa uzito wake, kisha unaivuta juu kwa mishtuo, na kolekole au chewa akiiona inapanda huidhania dagaa anayekimbia. Haihitaji chambo. Siku ambayo chambo ni ghali au dagaa hawakupatikana, mwenye jigi bado anaweza kutoka na kurudi na mboga. Ndiyo maana vijana wameipenda, na mimi nawaunga mkono kwa moyo wote.

Za dukani zipo, lakini bei yake ni ya watalii. Pesa za jigi moja nzuri zinanunua pakiti nzima ya ndoana. Tena zimetengenezwa kwa bahari za wengine. Maji yakiwa mafu, ndani ya mwamba, jigi ya gramu 60 inatosha. Bamvua, yaani maji makubwa, likifika na kusi linavuma, hata ya gramu 150 huchukuliwa na mkondo kabla haijagusa chini, mshipi ukalala kama umetupwa mtoni. Anayejimiminia anajipimia: siku hii nzito, siku hii nyembamba, hii iwe na tumbo mbele ili iyumbe inaposhuka. Raha yake hiyo siwezi kuieleza kikamilifu kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta kolekole kwa kitu alichokitoa mwenyewe kwenye kalibu.

Kalibu yangu ya kwanza nilifundishwa na mjomba, nayo haikugharimu chochote. Ni ule ubao mweupe wa dome, ndugu yake ngisi, ambao bahari huutupa ufukweni. Masonara wanaujua vizuri. Upande wake mmoja ni mgumu, wa pili ni laini hata ukucha unaukwaruza. Unachukua vipande viwili vikubwa, unavisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka nyuso zake zikutane bila mwanya. Katikati unaweka jigi ya mfano, unavikandamiza taratibu kwa viganja viwili, na ukivifungua umbo limekaa humo lote, hadi mstari wa tumbo. Kwa ncha ya kisu unachonga njia ya kumiminia na vijia vyembamba vya kutolea hewa, unalaza waya wa kufungia ndoana, unafunga kwa waya mwingine, basi. Inatoa jigi chache kabla haijaungua ndani, na kila moja hutoka na mistari midogo ya ule mfupa, utadhani ni magamba. Mimi mistari ile siisugui, naipaka rangi ya kucha juu yake, fedha kwanza kisha waridi mgongoni. Nyuma nafunga manyoya ya shingo ya jogoo kwa uzi wa cherehani.

Sasa natumia kalibu ya alumini aliyonimiminia fundi wa sufuria wa jua kali, kwa kuwa mfupa wa dome hauji kila siku. Mafundi hawa wanaweza. Ukimpelekea jigi ya mfano, anaizika kwenye mchanga wake kama anavyozika mfano wa sufuria, nawe unaondoka na kalibu ya kudumu miaka. Kabla ya kumimina naipitisha juu ya moshi wa mshumaa ndani iwe nyeusi, maana masizi yale husaidia risasi kutambaa hadi pembeni na jigi kutoka bila kung'ang'ania. Kisha naipasha moto. Kalibu baridi hutoa jigi yenye makunyanzi, mkia haujajaa.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu ili vijana wajue kwamba anayewaonya ni mwenzao. Kazi hii inaweza kufanywa vizuri. Kinachonitia hofu ni risasi yenyewe inatoka wapi na inayeyushwa wapi.

Risasi safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila taabu. Wengi wanadhani hatari ni ule mvuke. Mvuke upo, na huzidi moto unavyozidi. Ndiyo maana nikiona ngozi ya juu inageuka rangi ya dhahabu au zambarau naondoa makaa mara moja. Lakini kwa moto wa nyumbani, sumu kubwa zaidi imo katika vumbi. Juu ya risasi iliyoyeyuka huelea ungaunga wa kijivu, mavi ya risasi, ambayo lazima uyaengue kwa upawa. Ungaunga huo ukianguka sakafuni, ukikauka, ukakanyagwa, unakuwa vumbi. Vumbi linaingia kwenye leso, kwenye mkeka, kwenye vidole vya mtoto anayetambaa, na vidole vya mtoto vinaishia kinywani.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Linasema pia kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi, na huku kwetu watoto wa namna hiyo tunao wengi. Risasi hukaa kwenye mifupa miaka na miaka. Msichana aliyeila utotoni akija kuwa mjamzito, mifupa yake huirudisha kwenye damu, nayo humfikia mtoto tumboni. Inaharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma. Mara nyingi mtoto haonyeshi chochote hadi afike shuleni, mwalimu aseme huyu hashiki.

Hiyo ni risasi safi. Ya betri ni balaa jingine. Ukivunja betri hukuti bonge la risasi ndani. Unakuta vyandarua vyembamba vya risasi vilivyojazwa uji mzito wa chumvi na oksidi zake, vikilowa asidi ya salfuriki. Ukivitia vyote kwenye sufuria, risasi inayoyeyuka ni kidogo na unga unaobaki ni mwingi, maana uji ule haugeuki risasi kwa moto wa jiko. Yaani kwa kila jigi unayoipata unabaki na rundo la sumu ambalo hujui ulipeleke wapi, nalo huishia nyuma ya choo au chini ya mwembe. Zaidi ya hapo, betri huwa na antimoni, na nyingine aseniki, na takataka zake zikilowa maji zinaweza kutoa gesi inayoua. Asidi ikimwagika uani, udongo unainywa. Mtu hawezi kuifanya kazi hii nyumbani kwa usalama, hata akivaa glavu, hata akifunga leso puani. Leso haizuii mvuke wa risasi.

Nasi watu wa Mombasa hatuna udhuru wa kusema hatukujua. Ng'ambo ya maji, Mikindani, kuna Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa katikati ya makazi ya watu mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi pale, mwanawe mchanga akaugua, akapimwa, ikaonekana ni risasi. Alipigana mpaka dunia ikasikia, mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikazunguka kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia ile. Watu wamezeeka wakiingia na kutoka mahakamani. Kijana wa Mtongwe anayevunja betri uani anafanya kwa panga na jiko kazi ile ile ambayo kiwanda kile kilifanya kwa mitambo, na tofauti ni kwamba huyu kijana kiwanda chake kipo mlangoni pa chumba wanacholala watoto wake.

Mfano unaonikosesha usingizi ni wa wavuvi wenzetu. Thiaroye-sur-Mer ni mtaa wa wavuvi kando ya Dakar, Senegal. Kwa miaka, wahunzi wa pale walikuwa wakitoa risasi kwenye betri za magari na kuigeuza kuwa chubwi za nyavu. Kazi ya kawaida, hakuna aliyeihofia. Unga wake ukawa unajikusanya kwenye mchanga wa mtaa. Bei ya risasi ilipopanda duniani, wakaja wanunuzi wakautaka hata mchanga wenyewe, na wanawake wakaanza kuuchimba na kuuchekecha, watoto wao migongoni na pembeni. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Ilianza na chubwi, Mhariri.

Sasa nirudi zahanati. Mwaka huu mama alimleta mtoto wake wa kiume, mdogo wa kubebwa, aliyekuwa amepauka na analia tumbo. Kwenye kijitabu chake nilisoma dawa ya minyoo, tena dawa ya minyoo, tena dawa ya kuongeza damu. Safari hii baba naye alikuja. Alipompokea mtoto nikaona mikono yake: mistari ya viganja na kucha zimejaa weusi wa kijivu usiotoka kwa maji, weusi ambao mimi naujua kwa kuwa nausugua kila nikimaliza kumimina. Nikamuuliza, baba, kazi yako nini? Mvuvi. Nikamuuliza tena, na chubwi unapata wapi? Akanijibu bila wasiwasi wowote kwamba anavunja betri jioni, mkewe anamshikia taa. Niliandika rufaa ya kipimo cha risasi kwenye damu. Kipimo hicho hakikuwepo karibu, na bei waliyotajiwa kwingine hawakuweza kuilipa. Alichokiweza yule baba ni kuacha, na aliacha siku ile ile, kwa sababu hakuna mzazi anayetaka kumlisha mwanawe sumu. Hakuwa ameambiwa tu.

Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: je, nyumbani kwenu kuna mtu anayeyeyusha risasi au kuvunja betri? Nawaomba wakuu wa afya wa kaunti zetu za pwani liulizwe katika kliniki ya watoto, pale tunapompima mtoto uzito na kumchanja, na katika kliniki ya wajawazito. Kuuliza hakugharimu hata shilingi. Jibu likiwa ndiyo, mtoto apewe rufaa, na kaunti igharamie kipimo chake. Pwani ya Mombasa yenye Owino Uhuru inastahili kuwa na mahali pamoja pa umma ambapo mtoto anapimwa risasi bila mzazi kuuza mshipi wake.

Kwa wanaomimina nina maneno machache, na wayachukue kama ya dada yao.

Risasi itafutwe mahali pengine. Mafundi wa matairi wana vile vipande vya kubalansi magurudumu, na vilivyochakaa huviuza kwa kilo. Vingine siku hizi ni vya chuma au zinki, lakini ukiweka moto wa wastani risasi itayeyuka kwanza, hivyo vitaelea, uviondoe. Mabomba na mabati ya risasi ya nyumba kongwe pia ni mazuri, laini. Ala ya risasi ya nyaya za zamani ni nzuri sana, ila usinunue kwa mtu usiyejua ameitoa wapi, maana nyaya zinaibwa, na kuna hospitali na shule zilizokatiwa umeme kwa ajili ya mtu mmoja kuuza kilo mbili tatu.

Kuyeyusha kufanyike nje, upepo ukiwa mgongoni, mbali na kisima na kamba ya nguo, watoto na wajawazito wasiwepo. Jiko, sufuria na upawa viwe vya kazi hiyo pekee milele. Sufuria iwe ya chuma kizito. Zile nyepesi za alumini huchoka, kitako kikaachia na risasi yote ikamwagika miguuni, na mimi nimewafunga bandeji watu wa namna hiyo.

Maji na risasi havikutani. Tone la jasho likianguka juu ya risasi ya moto hurukaruka na kukauka, lakini maji yaliyo chini yake, kwenye kalibu yenye unyevu au kipande cha risasi kilichokaa nje kikapata umande, hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha risasi yote hewani, usoni kwako. Huku pwani kila kitu kina unyevu. Kalibu ya plasta au ya dome ikaushwe juani siku nzima, na vipande vipya vitiwe sufuriani kabla moto haujawashwa. Miwani, suruali ndefu na viatu vya kufunika ni lazima, ndala haifai.

Mikono ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kula, kabla ya sigara, kabla ya kumshika mtoto. Ile dawa ya mikono ya chupa haiondoi risasi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Na kwa wavuvi wote, hata wasiomimina: tuache kubana chubwi kwa meno. Nimeona wazee mahodari kabisa wakiziweka shavuni kama tambuu wakati wakifunga mshipi. Koleo ndogo inatosha.

Kwa chubwi zinazopotea kila siku kwenye matumbawe, mimi situmii risasi tena. Nachukua vipande vya nondo vinavyobaki kwenye majengo. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo kipande huwa kinene zaidi kidogo, lakini samaki wa chini hawajali, na kikibaki baharini kinaoza kwa kutu. Uingereza walipiga marufuku chubwi nyingi ndogo za risasi tangu mwaka 1987 baada ya bata maji wao wakubwa kufa kwa kuzimeza. Risasi nimeibakishia jigi peke yake, ambayo inahitaji uzito mwingi katika umbo dogo, na hata hiyo naifunika rangi tabaka mbili ili mkono usiiguse.

Mwisho, kwa aliyekwisha kuvunja betri nyumbani na anasoma barua hii. Usiogope kwenda zahanati, hakuna atakayekukamata kwa kumleta mtoto. Usifagie pale mahali kwa ufagio mkavu, ufagio unalirusha vumbi. Rundo la unga usililowanishe; vumbi la sakafuni limwagie maji, piga deki kwa sabuni, kitambaa kile usikirudishe ndani. Mikeka na magodoro yaliyokuwa karibu yatoe nje uyapanguse kwa kitambaa kibichi. Unga na vyandarua vilivyobaki usivifukie wala usivitupe baharini. Vitie kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, mbali na watoto, kisha uulize ofisi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, pa kuvipeleka. Na betri nyingine ikifa, iuze nzima, haijafunguliwa, kwa mnunuzi mwenye leseni. Pesa yake itatosha kununua risasi ya matairi kwa fundi.

Muuguzi na mvuvi wa mshipi,
Mtongwe, Mombasa